Dawa ya Kuweka Nyuma na Haya Zinazotuchelewesha

Ni saa nane za usiku, na mtoto wa miaka mitatu anawaka homa. Mara mbili amenyweshwa dawa ya maji, na mara mbili ameitapika juu ya kanga ya mamake. Ndani ya friji la nyumba hiyo, nyuma ya chupa ya achari, mna pakiti aliyoandikiwa mtoto huyo mchana: dawa tano nyeupe, laini, zenye umbo la risasi. Mama anazijua, na anajua zinawekwa wapi. Lakini mumewe yu safarini, mkwewe yu macho, na neno lenyewe halimtoki kinywani.

“Mama, daktari alitupa na hii,” anasema hatimaye, akiinyosha pakiti bila ya kuieleza.

Bibi mkubwa anaitazama, anaigeuza, kisha anairudisha. “Ya huko nyuma? Hebu tungoje kuche, mwanangu. Mtoto hafanyiwi mambo hayo usiku.”

Wakangoja kuche.

Mkasa wa namna hii si wa nyumba moja. Mweke babu aliyepooza mahali pa mtoto, na binti yake mahali pa mama, na kisa kitakuwa kile kile: dawa imo ndani, imelipiwa, na hakuna mwenye ujasiri wa kuitaja, licha ya kuitumia. Mara nyingi, Alhamdulillahi, hukucha na mgonjwa akiwa mzima. Si kila mara.

Hata jina lake ni tabu. Wenye maduka ya dawa huiita supozitari. Aliyepata kufanya kazi Maskati au Dubai ataijua kwa jina la tahmila. Nyumbani husema “dawa ya kuweka nyuma”, na huisema kwa sauti ya chini, kana kwamba jirani ametega sikio. Katika makala haya tutaitaja kwa jina hilo la nyumbani, tena kwa sauti ya kawaida.

Tuanze na hiyo haya, kwa kuwa ndiyo inayoshika mkono kabla ya dawa kufika. Haya ni pambo la Muislamu, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuuliza na kuifahamu dini yao, na waliyoyauliza yalikuwa mambo ya hedhi, janaba na tohara, ambayo wengi wetu leo tungeyazunguka kwa mafumbo. Haya iliyosifiwa ni ile inayomzuia mtu na ovu. Sijaona mahali iliposifiwa kwa kumzuia mtoto na dawa yake.

Tena wako wanaodhani kwamba jambo hili ni la Wazungu, limekuja juzi na meli. Si kweli. Wamisri wa kale waliandika dawa za kuweka nyuma katika magombo yao ya mafunjo yapata miaka elfu tatu na mia tano iliyopita. Ibn Sina, ambaye kitabu chake cha Al-Qanun kilisomeshwa katika vyuo vya Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi, alizitaja dawa hizo miongoni mwa tiba zake, na matabibu wa Kiarabu waliziita shiyafu. Kwa hivyo anayezikataa kwa hoja kuwa si za kwetu ana la kujibu mbele ya Ibn Sina.

Sasa, kwa nini mahali hapo? Sehemu ya mwisho ya utumbo, juu kidogo ya tundu la haja kubwa, ina ngozi nyembamba na laini, na chini ya ngozi hiyo mna mtandao wa mishipa ya damu. Dawa iliyowekwa pale huyeyuka kwa joto la mwili na kupenya ndani ya mishipa hiyo. Hapa pana jambo la kustaajabisha katika maumbile ya Mwenyezi Mungu. Chakula na dawa tunazomeza, zikishanyonywa na utumbo, hupitishwa kwanza kwenye ini, nalo ini huchuja na kuvunja sehemu ya dawa kabla haijafika kwingineko. Lakini mishipa ya sehemu ya chini kabisa ya utumbo haipitii kwenye ini kwanza. Humwaga damu yake moja kwa moja katika mzunguko wa mwili. Mishipa ya juu yake kidogo ndiyo inayokwenda kwenye ini. Basi dawa ya kuweka nyuma huwa nusu inapita njia hii na nusu njia ile, kulingana na pale ilipotua.

Pamoja na hayo, ina udhaifu wake. Sehemu hiyo ni fupi na ina majimaji machache, na wakati mwingine imejaa choo. Dawa huenda ikanyonywa polepole, au leo ikanyonywa vyema na kesho vibaya. Kwa hivyo mgonjwa anayeweza kumeza, ameze. Dawa ya nyuma ni kwa yule anayetapika, aliyezimia, aliyepooza koo, aliyetoka chumba cha upasuaji, au mtoto aliyebana meno asiyekubali kijiko. Pia kuna zile ambazo kazi yake ni pale pale zilipowekwa, kama vile za kulainisha choo kilichofunga na za kutuliza bawasiri.

Kisha lipo jambo la joto, ambalo sisi watu wa mwambao tunalijua zaidi ya walioandika maelezo ya pakiti. Dawa nyingi za aina hii hutengenezwa kwa mafuta yaliyoganda, ama mafuta ya kakao ama mafuta magumu ya mimea kama mnazi na mchikichi, yaliyochaguliwa makusudi yayeyuke kwenye joto la mwili, yaani chini kidogo ya nyuzi 37. Sasa fikiria mwezi wa Februari au Machi, kaskazi limelegea, umeme umekatika, na pakiti imo ndani ya mkoba juu ya dirisha. Utakapoifungua utakuta uji. Wengine hapo huitupa, na wengine hujaribu kuutia uji huo kwa kidole, na yote mawili ni hasara. Pakiti iwekwe mahali pa baridi nyumbani, na kama kuna friji, iwekwe ndani yake lakini si katika sehemu ya barafu, isipokuwa maelezo yake yamesema vingine. Ikiwa imelegea tu na haijapoteza umbo, itumbukize kwenye maji baridi ikiwa bado ndani ya ganda lake lililofungwa, ungoje ikaze. Iliyopoteza umbo lake irudishwe kwa muuza dawa akaiangalie.

Turejee kwa mtoto wetu. Dawa iliyokuwemo kwenye friji ile ilikuwa parasetamo, ile ile ambayo wengi wetu tunaiita Panadol hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Na hapa pana hatari ambayo nataka kila mama na kila nyanya aishike. Dawa ya maji ya homa na dawa ya nyuma ya homa, mara nyingi, ni dawa moja yenye sura mbili. Mama akimnywesha mtoto, naye nyanya kwa kutojua akamwekea nyingine nyuma, mtoto amepewa dozi mbili. Parasetamo ikizidi huliumiza ini, tena kimyakimya, na dalili huweza kuchelewa kwa siku nzima au zaidi. Kipimo chake hukadiriwa kwa uzito wa mtoto, si kwa umri wa kubahatisha, na kati ya dozi moja na nyingine zisipungue saa 4. Mtoto akitapika papo hapo baada ya kunywa, muulize daktari au muuza dawa kama inafaa kurudia na kwa njia gani. Nyumba yenye walezi wawili au watatu na iwe na kijikaratasi ukutani: nani ametoa dawa gani, saa ngapi.

Wala parasetamo haitibu kinacholeta homa. Inampumzisha mtoto, basi. Mtoto anayetapika kila kitu anachopewa, asiyeweza kunywa wala kunyonya, aliyelegea asiamke vizuri, au aliyeshikwa na degedege, huyo hangojewi kuche, awe amewekewa dawa au hajawekewa. Huyo ni wa hospitali, usiku huo huo.

Degedege lina habari yake. Wazee wetu walilihusisha na nyuni, na wako mpaka leo wanaokataza mtoto wa degedege asidungwe sindano wala asiguswe na daktari mpaka kwanza afukizwe. Madaktari nao wanapompokea mtoto huyo huanza kwa kuuzima mtukutiko, na pale mshipa wa damu unapokuwa mgumu kupatikana katika mkono mdogo unaorukaruka, humtilia dawa ya diazepamu kwa njia ya nyuma, kwa bomba dogo lisilo na sindano. Hapo hutumika dawa ya maji wala si ile iliyoganda, kwa sababu ya kuganda hukawia kuyeyuka na mtoto hana muda huo. Mzazi akiona muuguzi anaigeuza nguo ya mtoto na kuishika miguu yake, asishtuke wala asimzuie. Wakati huo ndio njia iliyo fupi kuliko zote.

Lakini mfano ulio mkubwa zaidi wa faida ya njia hii ni wa malaria. Katika vijiji vilivyo mbali, mtoto mwenye malaria kali hufa njiani. Hawezi kumeza tena, na sindano na dripu ziko hospitali, saa nyingi mbele. Aliyewahi kumtoa mgonjwa Kiunga au Kiwayu kwa mashua anaelewa ninachokisema. Watafiti wakauliza: je, kama mtoto huyo angewekewa dawa nyuma pale pale kijijini kabla ya safari? Uchunguzi ukafanywa katika nchi tatu, Ghana, Bangladesh na majirani zetu wa Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009 katika jarida la tiba la The Lancet. Miongoni mwa wale ambao hata baada ya saa 6 walikuwa bado hawajafika hospitali, waliowekewa dawa ya artesuneti kabla ya safari, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kwa takriban nusu. Dawa yenyewe ni kidonge laini cha miligramu 100, na Shirika la Afya Duniani huielekeza kwa watoto walio chini ya miaka 6.

Kisha ikaja sehemu ya pili ya habari, ambayo husemwa mara chache. Dawa hiyo ilipopelekwa kwa wingi katika vijiji vya Kongo, Nigeria na Uganda kuanzia mwaka 2018, matumaini hayakutimia, na vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Mtoto alikuwa anawekewa dawa, homa inashuka, anafungua macho, anaomba uji. Nao wazazi wanasema amepona, safari ya nini tena? Na wengine waliofika hawakupewa tiba kamili. Kumbe dawa ile ilikuwa imemnunulia mtoto saa chache tu za safari. Vijidudu vya malaria vilikuwa bado vimo ndani ya damu, vinasubiri. Mtoto aliyewekewa artesuneti ni lazima afike hospitali, apewe sindano, kisha amalize dawa za kumeza, hata kama njiani anacheka.

Kwa watu wazima, wengi wetu tumekutana na dawa hizi katika wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa huandikiwa diklofenaki ya kuweka nyuma kwa maumivu, na wako waliovumilia maumivu siku tatu kwa kuona haya kumwita nesi. Hilo ni la kusikitisha, maana mama mwenye maumivu hashuki kitandani, wala hakai vizuri kumnyonyesha mwanawe. Lakini diklofenaki nayo si ya kuchezewa. Watu husema, “Mimi nina vidonda vya tumbo, kwa hivyo naiweka nyuma isipite tumboni.” Hoja hiyo ina sura ya ukweli lakini si kweli. Dawa hii huudhuru utando wa tumbo kwa kupitia damu, na damu inafika tumboni dawa ikiwa imeingilia juu au chini. Mwenye vidonda, mwenye figo dhaifu na mwenye mimba kubwa wasiiguse bila ya amri ya daktari.

Na sisi wa Mombasa tuna sababu moja zaidi ya kuiogopa. Homa ya dengi imetuzuru mara kadhaa, mwaka 2013, na 2017, na tena 2021, na maumivu yake ya mifupa humfanya mtu atake chochote kile chenye nguvu. Lakini dengi huweza kuleta kutokwa na damu, nazo diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huzidisha hatari hiyo. Homa ambayo haijapimwa itulizwe kwa parasetamo tu.

Yamebaki masuala ya ibada, na najua kuna wasomaji walioruka mpaka hapa. Kwanza udhu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika mwambao huu, udhu hutenguka kwa chenye kutoka katika njia mbili. Basi kidole kilichoingiza dawa kikitoka, au mafuta yaliyoyeyuka yakivuja baadaye, mgonjwa atajitohirisha na kutawadha upya. Naye anayemwekea mwenziwe, hata akiwa ni mama na mtoto wake mchanga, akigusa tupu kwa tumbo la kiganja au la kidole bila ya kizuizi, udhu wake mwenyewe umetenguka. Glavu ya mpira, ambayo daktari anaitaka kwa ajili ya usafi, inamhifadhia pia udhu wake. Iliyo nyepesi kwa mtu mzima ni kuweka dawa baada ya sala ya Isha na kulala nayo.

Pili saumu. Wanazuoni wa Kishafii wamesema wazi kuwa kitu chenye mwili kikiingia ndani kwa njia iliyo wazi, nayo ya nyuma ikiwemo, kwa kukusudia na kwa kujua, kinafunguza. Wako wanazuoni wengine wenye rai tofauti. Ibn Taymiya hakuona kuwa dawa ya kupigwa bomba kwa nyuma inafunguza, na katika zama zetu Sheikh Ibn Uthaymin alisema vivyo hivyo kuhusu tahmila, kwa kuwa si chakula wala si kinywaji na haina maana yake. Sikuzileta rai hizi ili kila mtu ajichagulie ile iliyo tamu kwake. Mwenye haja na amuulize shekhe wake. Lakini kabla ya kufika huko, kuna njia iliyo rahisi. Usiku wetu wa Ramadhani, kutoka magharibi mpaka alfajiri, una zaidi ya saa 10. Dawa ya mara moja kwa siku haina tatizo, na ya mara mbili huenda ikawekwa baada ya kufuturu na kabla ya alfajiri, mradi daktari ameridhia. Ya mara tatu, mwambie daktari kuwa umefunga. Mara nyingi ana badala yake. Na ikiwa hapana badala, mgonjwa amekwisha kupewa ruhusa katika Suratul Baqara, aya ya 184, kufungua na kulipa siku nyingine. Pesari za wanawake za kuwasha na kutokwa na uchafu zina hukumu kama hiyo kwa Mashafii, na kwa kawaida ni za kuwekwa usiku.

Wengine huuliza kuhusu jelatini, maana baadhi ya dawa hizi, ile ya malaria ikiwemo, zina ganda la jelatini, na jelatini huenda ikatokana na mnyama asiye halali. Muulize muuza dawa kama kuna ya mafuta ya mimea. Mtoto mwenye malaria kali hamuulizii hayo usiku huo; hapo pana dharura.

Na sasa namna ya kuweka. Mtu mzima aende chooni kwanza ikiwezekana. Nawa mikono, vaa glavu. Mgonjwa alale kwa ubavu wa kushoto, mguu wa juu ameukunja kuelekea tumboni. Mtoto mchanga alazwe chali na miguu yake iinuliwe kama unayembadilisha nepi. Ondoa ganda lote, kwa kuwa wako waliowekewa dawa pamoja na ganda lake, na wauza dawa husimulia pia juu ya walioimeza. Lowesha dawa kwa maji safi, kisha uisukume taratibu mpaka ipite ule mkazo wa misuli ya tundu, kiasi cha pingili moja ya kidole kwa mtoto na zaidi kidogo kwa mtu mzima. Ncha iliyochongoka ndiyo hutangulia katika maelezo mengi. Mwaka 1991 madaktari wa Misri waliandika kuwa upande butu ukitangulia dawa haitoki kirahisi, na mjadala huo haujesha, basi fuata pakiti yako. Bana matako ya mtoto kwa dakika chache. Artesuneti ikitoka kabla ya nusu saa huwekwa nyingine. Kwa dawa nyingine, uliza kwanza. Usiikate vipande kwa ajili ya mtoto mdogo, maana dawa huenda haikugawika sawasawa ndani ya mafuta. Na mwenye kuharisha, mwenye kutokwa na damu sehemu hiyo, au aliyepasuliwa hapo karibuni, asiwekewe mpaka daktari amejua.

Kuhusu babu na binti yake: mzee ambaye mkono wake unafika na aelekezwe, ajiwekee mwenyewe, mlango umefungwa. Ikiwa mkono haufiki, mkewe ndiye wa kwanza, kisha mwanawe wa kiume, kisha muuguzi mwanamume. Wakikosekana hao wote, binti yake atamwekea, kwa kuwa haja ya tiba imeruhusu kwa kadiri yake. Amfunike babake shuka kuanzia kiunoni mpaka miguuni, avae glavu, apitishe mkono chini ya shuka, na afanye kwa kupapasa bila ya kutazama. Mwanzo hadi mwisho haitimii dakika mbili, na wanaweza kuzungumza habari nyingine kabisa.